Usahihi Mbele ya Mapambo: Ushauri kwa Wenye Kutumia Kiingereza Kazini

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wamo watu hodari wa kazi, wenye akili ya hesabu na uaminifu usiotiliwa shaka, ambao mkutano ukiendeshwa kwa Kiingereza huinamisha vichwa wakanyamaza, na barua ikitakiwa kuandikwa kwa lugha hiyo humwachia mwingine, hata kama huyo mwingine hajui nusu ya wayajuayo wao. Cheo kikipatikana humwendea aliyesema, wala si aliyejua, na maarifa ya mtu hubaki kifuani mwake pasipo kumfaa yeye wala kumfaa mwajiri wake. Jambo hili lanihuzunisha, maana naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya kimya hicho si upungufu wa akili bali ni upungufu wa njia. Nayo njia ipo, si ndefu kama inavyodhaniwa, na kila aliyemaliza kidato cha nne aweza kuipita kwa bidii ya nusu saa kila siku.

Asili ya taabu yenyewe haifichiki. Nchini Tanzania, mtoto asomaye katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza hukisoma kama somo moja miongoni mwa masomo. Kisha huingia kidato cha kwanza, na ghafla hutakiwa kuifahamu jiografia na baiolojia kwa lugha ambayo jana ilikuwa ya kipindi kimoja tu. Hukariri ili ashinde mtihani, akatoka na akiba ya maneno ya vitabuni, ilhali maneno ya duka, ya bandari, ya benki na ya mkataba hajapata kufundishwa na mtu. Akiingia kazini, kosa lake la kwanza huchekwa. Na aliyechekwa aghalabu hujikinga kwa kunyamaza, au, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kujipamba kwa maneno makubwa asiyoyamudu.

Kwa hiyo shauri langu lote limejengwa juu ya neno moja, nalo ni hili: Kiingereza cha kazi ni kama mizani ya dukani, ambayo hapana mnunuzi aulizaye kama imenakishiwa, bali kila mmoja hutaka kujua kama ni ya haki. Barua ya kazi hubeba bei, idadi, tarehe na ahadi, na anayeipokea huifanyia kazi bila ya kuuona uso wako wala kusikia sauti yako. Basi anza kujifunza yale ambayo yakikosewa mtu hupata hasara, ufuatishe yale ambayo yakikosewa mtu huona amevunjiwa heshima, na mapambo uyaache mwisho, kwani huenda ukaona huyahitaji kabisa.

Katika yale ya hasara, la kwanza ni jibu la swali lenye kanusho. Mteja akikuuliza, "Haven't you received the payment?", nawe kweli hujapokea kitu, ulimi uliolelewa kwa Kiswahili hujibu upesi "Yes", kwa maana ya kwamba ndiyo, ni kama ulivyosema, sijapokea, maana sisi tunapojibu huuangalia usemi wa muulizaji, tukaukubali au tukaukataa. Mwingereza huliangalia tendo lenyewe, na akisikia "Yes" hufahamu kwamba fedha zimefika, akafunga daftari lake na kulala usingizi, ilhali wewe wangoja. Dawa ni kutojibu kamwe kwa neno moja tu, bali kuyakamilisha maneno: "No, we have not received it." Sentensi iliyokamilika haina mlango wa kuingizia shaka.

La pili ni saa na tarehe. Sisi huhesabu saa tangu macheo, tukaiita saa tatu asubuhi ile ambayo kwa Kiingereza ni "nine o'clock", na mtu mwenye haraka aweza kuichukua tatu yetu akaitia katika Kiingereza kama ilivyo, kikao kikapotea na mgeni akaghadhibika. Kadhalika, kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua linapotua, hata usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, lakini "Friday night" ya Mwingereza ni usiku unaoufuata. Na katika tarehe, 03/04 kwa Mwingereza ni siku ya tatu ya Aprili, na kwa Mmarekani ni siku ya nne ya Machi. Basi andika saa kwa tarakimu za siku nzima, 09:00 au 15:00, andika mwezi kwa jina lake, na ukitaja usiku taja pia tarehe. Na laki yetu, ambayo haieleweki London wala Chicago, iandike 100,000 bila ya kuona uvivu wa kuhesabu sifuri.

Tukiingia katika sarufi, nataka kwanza kumwondolea msomaji hofu. Makosa mengi tuyafanyayo katika Kiingereza si ya ovyo; yana baba na mama, nao ni utaratibu wa Kiswahili chetu, ambao ni mzuri mahali pake lakini haukubaliki katika nyumba ya jirani. Na kwa kuwa yanajulikana yatokako, ni machache na yatibika. Tazama kiambishi "me". Sisi husema, "Nimepokea barua yako jana," wala hapana wa kutukosoa. Lakini anayeandika "I have received your letter yesterday" amekosa, kwa kuwa Kiingereza, pindi kikitaja wakati uliokwisha pita, kama jana, juma lililopita au mwaka 2019, hudai "I received". Kanuni yenyewe yaweza kuandikwa katika ukucha: wakati uliopita ukitajwa, "have" huondoka.

Tazama tena "tutakapopokea". Neno hili limebeba wakati ujao ndani yake, na ndiyo sababu wengi wetu huandika "When we will receive the payment", jambo ambalo sikio la Kiingereza halilikubali. Baada ya "when", "after", "before", "until", "as soon as" na "if", pale ambapo jambo lijalo limefanywa kuwa sharti au wakati wa jambo jingine, Kiingereza hutumia wakati uliopo, na wakati ujao hukiachia kifungu cha pili: "When we receive the payment, we will ship the goods." Sentensi hiyo moja, ikihifadhiwa moyoni na kubadilishwa maneno kwa kadiri ya kazi ya mtu, itamtosheleza katika barua nyingi za ahadi na masharti.

Ama vile vineno vidogo "a" na "the", ambavyo watu wengi wamevikatia tamaa wakisema kwamba Kiswahili hakina mfano wake, nasema kwamba tunao mfano wake, ila hatujautambua. Mtu akisema, "Nimesoma mkataba," hatujui ni mkataba upi. Akisema, "Nimeusoma mkataba," twafahamu ni ule tulioutaja, ule unaojulikana baina yetu. Hisia ile ile inayokuongoza kuitia "u" katika kitenzi ndiyo ikuongoze kuandika "the contract", na pale ambapo usingeitia, na kitu ni kimoja chenye kuhesabika, jaribu "a contract". Hiyo si kanuni isiyo na pengo, lakini humwongoza mtu vema mara nyingi kuliko anavyoongozwa na kubahatisha.

Kuna na majina ambayo kwetu ni ya wingi na kwao hayana wingi. Twasema vifaa, samani, mizigo na mashauri, tukaandika "equipments", "furnitures", "luggages" na "advices". Nayo yote ni makosa, pamoja na "informations". Yakariri haya kama jamaa wa ukoo mmoja, na ukitaka kuhesabu, hesabu kwa neno la kusaidia: "two items of equipment", "a piece of advice". Ama upatanisho wa mtenda na kitenzi, sisi tulio na ngeli nyingi, ambao masikio yetu huumia kusikia "vitabu kimepotea", hatuna udhuru wa kushindwa na "s" moja ambayo Kiingereza hutaka kwa nafsi ya tatu ya umoja: "The company supplies", "Our agents deliver". Na kwa kuwa "yeye" yetu haibagui mume na mke, kila barua yenye "he" au "she" isomwe mara ya mwisho kwa ajili ya hilo peke yake, maana kumwita bibi mkurugenzi "he" ni kosa dogo katika sarufi na kubwa katika heshima.

Yapo pia maneno mawili mawili yachanganywayo. Kwa kuwa wengi hulitumia neno kuazima kwa anayetoa na kwa anayepokea, hukosea wakasema "Borrow me your calculator", ambapo mtoaji ni "lend" na mpokeaji ni "borrow". Na kwa kuwa kumbuka na kumbusha ni ndugu wa mzizi mmoja, husema "Remember me to call the bank" badala ya "Remind me". Kila uonapo kitenzi chetu cha kusababisha, kama kukopesha, kufundisha na kukumbusha, jiulize kama Kiingereza hakina neno jingine kabisa kwa tendo hilo. Aghalabu utakuta kinalo.

Nimemaliza ya hasara, nageukia ya adabu. Barua yetu ya desturi huanza kwa salamu ndefu, na hapo ndipo mwandishi huandika "ama baada ya salamu" akaingia katika haja yake. Barua ya kazi ya Kiingereza humpa mpokeaji salamu moja fupi, na katika sentensi ya kwanza humwambia haja. Wala hilo lisidhaniwe kuwa ni ukavu wa roho, kwani kwao kuhifadhi wakati wa mtu ni katika kumheshimu. Aliyeanza kwa "Dear Sir or Madam" humalizia "Yours faithfully", na aliyemtaja mtu kwa jina lake humalizia "Yours sincerely". Katika kuomba, sisi tunayo sauti ya upole ndani ya kitenzi chenyewe: "Unipatie bei." Ukiihamisha neno kwa neno hutoka amri, "You give me the price", na mgeni akadhani umemfokea. Upole wa Kiingereza umekaa katika "could" na "would": "Could you please send us your price list?" au "We would be grateful if you could reply by 12 May." Jifunze sentensi hizi mbili hata zikutoke bila ya kufikiri.

Kukataa nako kuna adabu yake. Sisi, kwa kuchelea kumvunja mtu moyo, husema "tutaangalia", na aliyelelewa nasi hufahamu kwamba jambo halipo; lakini mteja wa mbali akiandikiwa "We will see", hukaa akitumaini, na baada ya mwezi hukuita mwongo. Kataa kwa wazi na kwa upole pamoja: "We are unable to accept this price, but we can offer the following terms." Vivyo hivyo katika pole. Sisi humpa pole aliyejikwaa ilhali hatukumsukuma, lakini "We are sorry for the delay" yaweza kusomwa kwamba mwenye kuchelewesha ni wewe. Ikiwa kosa si lako, andika "We are sorry to hear of the delay", ukamliwaza mwenzio pasipo kujitwika mzigo wa mwingine.

Sasa ndipo twafika kwenye msamiati, ambao wengi hupenda kuanza nao. Baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa katika majumba ya wakubwa na mahakama kwa muda mrefu, na Kiingereza kikabaki na maneno pacha kwa jambo moja: "buy" na "purchase", "begin" na "commence", "ask" na "enquire", "help" na "assist". Mwanafunzi hudhani lile la pili ndilo la msomi. Lakini Waingereza wenyewe walipoona barua za serikali yao zimekuwa nzito hata raia hawazielewi, Hazina yao ilimwomba Sir Ernest Gowers aandike kitabu cha kuwarudisha maofisa katika maneno mepesi, kikatoka mwaka 1948 kwa jina la *Plain Words*. Naye Michael West, mwaka 1953, alichapisha orodha ya maneno takribani 2,000 yatumikayo zaidi, ambayo ndiyo yabebayo sehemu kubwa ya maandishi ya kawaida. Mwenye kuyamiliki hayo kwa hakika, hata akayatumia pasipo kuyatafuta, amekwisha kupata msingi. Kinachobaki ni istilahi za kazi yake. Basi achana na vifungu vilivyorithiwa kwa makarani wa zamani, kama "kindly do the needful", ambavyo havimwambii mtu atende nini. Sema jambo lenyewe: "Please approve the attached order by Friday."

Istilahi za kazi ni lazima zijulikane kwa mipaka yake. "Estimate" ni makisio yawezayo kubadilika. "Quotation" ni bei uliyoitoa, na mteja akiikubali ana haki ya kukushika kwayo. "Invoice" ni ankara ya kudai. "Receipt" ni stakabadhi ya kwamba umelipwa. Anayefanya kazi ya forodha au ya uwakala wa mizigo ayajue maneno ya *Incoterms*, ambayo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilichoko Paris kilianza kuyatoa mwaka 1936: kwamba muuzaji aliyeandika CIF Mombasa ameahidi kulipa bima na nauli mpaka bandari hiyo, na aliyeandika FOB, wajibu wake wa mzigo hukoma ukisha kupakiwa melini. Herufi tatu zaweza kubeba nauli ya shehena nzima. Si haki kuzipita haraka.

Na neno usilihifadhi peke yake. Kwetu kiapo huliwa, tiketi hukatwa, hodi hupigwa, wala mgeni hawezi kuyabuni hayo kwa akili bali huyapokea. Kiingereza nacho kina ndoa zake: "place an order", "meet a deadline", "issue an invoice", "settle an account", "submit a tender", "hold a meeting". Uwe na daftari, na kila siku uandike maneno matano pamoja na wenzi wake, kila moja ndani ya sentensi inayohusu kazi yako mwenyewe, wala usilihesabu neno kuwa lako mpaka uwe umelitumia katika barua au mazungumzo ya juma hilo. Uyachote katika mikataba iliyopita mezani pako na barua za watu uwajuao kuwa waandishi wazuri. Kamusi iliyo nzuri kwa kazi hii ni ile iliyoasisiwa na A. S. Hornby na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948, ambayo imeandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha na huonyesha ndoa za maneno. Na kwa sarufi, *English Grammar in Use* cha Raymond Murphy, kilichotoka kwanza mwaka 1985, chenye maelezo upande mmoja na mazoezi upande wa pili, chamfaa mtu asiye na mwalimu.

Mwisho wa daftari hilo tenga kurasa za makosa yako, ukiandika kosa, usahihi wake na sababu yake. Utastaajabu kuona kwamba makosa yako hayazidi aina chache, na kwamba kila barua kabla ya kupelekwa yaweza kupimwa kwa orodha hiyo fupi. Programu za kusahihisha zilizomo katika kompyuta na simu zina faida, lakini zitumiwe baada ya jitihada yako, si badala yake. Kwani programu itakurekebishia "informations", lakini haijui kwamba "three o'clock" uliyoandika ulikusudia saa tatu ya asubuhi. Na kwa ajili ya mikutano, tayarisha usiku sentensi tatu utakazozihitaji kesho, uzisome kwa sauti, ukiangalia mkazo katika kamusi, maana mkazo wetu hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, na wao huuhamisha. Mtu aliyekwisha kuzizoea "May I add a point?" na "Could you explain that again, please?" hawezi tena kufungiwa nje ya mazungumzo.

Liko zoezi moja nilipendalo kuliko yote. Chukua aya ya barua nzuri ya Kiingereza, uifasiri kwa Kiswahili kilicho safi. Kesho yake, bila ya kuutazama mwandiko wa kwanza, irudishe katika Kiingereza, kisha ulinganishe. Hapo utaziona kwa macho yako njia mbili zinapoachana. Tafsiri ni chuo kikubwa. Shaaban Robert, aliyeanza utumishi wake kwa ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, aliyafasiri mashairi ya Omar Khayyam kutoka katika Kiingereza cha FitzGerald; na Mwalimu Nyerere, akiwa na shughuli za kuongoza taifa, aliifasiri tamthilia ya *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Hao wawili hawakuipata lugha ya kigeni kwa kuidharau yao, wala hapana sababu ya mtu wa leo kudhani kwamba atapanda cheo kwa kuchanganya lugha mbili hata zote zikaharibika. Anayekipanga Kiswahili chake vizuri amekwisha kujifunza kuyapanga mawazo, na barua yoyote hutegemea hilo kwanza.

Limebaki neno kwa waliokwisha kuipita njia hii. Wewe uliyepanda, ambaye leo barua za wadogo hukupitia mkononi, unayo madaraka ambayo hayakuandikwa katika mkataba wako wa kazi. Usimcheke aliyekosa mbele za watu, wala usimwandikie upya barua yake kimya kimya hata asijue alikosa wapi. Mwite kando, mwonyeshe makosa mawili tu kwa siku na sababu yake, kisha mwache airudie mwenyewe kwa mkono wake, na mkutano ukifika umwulize rai yake na umpe nafasi ya kumaliza usemi. Ofisi itakayoshika desturi hiyo kwa mwaka mmoja itapata wasemaji wengi, na pamoja nao itapata maarifa yote ambayo watu hao walikuwa nayo tangu zamani wakakosa pa kuyatolea.